Hiyo Sigara Inakufanyia Kazi Gani?

Hotuba kwa madereva wa bodaboda na bajaji pamoja na akina mama wa sokoni, Ngamiani, Tanga

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa vijiwe, mama zangu wa Mgandini mlioacha meza zenu mikononi mwa majirani, na ninyi wanangu wa boda na bajaji kutoka Kange, Chuda, Makorora na barabara zote za hapa Ngamiani: wakubwa shikamooni. Wadogo marahaba, nimeitika kabla hamjaniamkia, maana nawajua.

Mwenyekiti aliponiita alisema nije niwaonye vijana waache starehe mbaya. Nikamjibu kazi hiyo amtafutie mtu mwingine. Nimekuwa muuguzi mpaka nimestaafu, na mvutaji aliyeacha sigara kwa sababu kaambiwa ni mbaya bado sijamwona. Anajua ni mbaya. Pakiti yenyewe imeandikwa, na onyo lile analisoma huku akipapasa mfuko kutafuta kiberiti.

Kwa hiyo nimekuja na swali, na kila mmoja aliulize kimoyomoyo juu ya kile chake. Kama si sigara basi ni bia, au kubeti, au kidonge cha usingizi, au mkono unaomwangukia mtoto kila biashara ikilala. Swali ni hili: kinakufanyia kazi gani?

Tabia ni kibarua, ndugu zangu. Ulimwajiri mwenyewe siku uliyozidiwa, akakufanyia kazi fulani, ukamwambia kesho uje tena. Leo unataka kumfukuza kwa sababu anakuibia. Vizuri, mfukuze. Lakini kazi aliyokuwa akiifanya bado ipo pale pale, na usipomweka mwingine, jioni utamfuata mwenyewe kwake kumbembeleza arudi, na atarudi na masharti.

Mnakumbuka Machi 2017, serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba. Mimi niliunga mkono, na mpaka leo naunga mkono, kwa sababu kiroba kilikuwa kinaingia hadi kwenye begi la mwanafunzi. Ila yule baba aliyekuwa anameza viwili usiku ili apate usingizi, usiku ule wa kwanza usingizi aliutafuta wapi? Wengi waliutafuta kwenye chupa. Sheria ilimwondoa kibarua, kazi ya kumlaza yule baba ikabaki haina mtu.

Tuanze na sigara, kwa kuwa moshi naunusa mpaka hapa mbele. Ukivuta, nikotini inafika ubongoni kwa sekunde zisizozidi 20. Ndiyo maana unaona raha papo hapo. Lakini haikai. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imekwisha, na mwili uliozoea unaanza kudai. Mguu unacheza wenyewe, neno dogo linakukera, abiria akiuliza nauli mara ya pili unatamani umshushe njiani. Unasema ni stresi za kazi. Unawasha nyingine, unatulia, unasema sigara inanituliza. Hapo ndipo unapoibiwa: anachokituliza ni dai alilolileta yeye mwenyewe saa mbili nyuma.

Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 26 zilizowapima wavutaji kabla, kisha zikawarudia baadaye, walioacha na walioendelea. Walioacha walikuwa na wasiwasi mdogo, huzuni ndogo na msongo mdogo kuliko walioendelea. Wiki za mwanzo ni chungu, hilo silifichi, na mke wako ataomba bora uendelee kuvuta. Zikipita, unagundua kwamba sehemu kubwa ya ile stresi ulikuwa unainunua dukani kwa rejareja.

Lakini sijamaliza na sigara, kwa sababu ina kazi nyingine ambayo madaktari huwa hawaitaji. Mtazameni dereva pale stendi ya Kange. Abiria kamkimbia na nauli. Anaegesha pikipiki, anavua helmeti, anasogea kwenye kivuli, anaegemea ukuta. Anamwomba mwenzake moto. Mwenzake anauliza, “Kakukimbia?” Anajibu, “Achana naye, mwanangu.” Anavuta, anashikilia, kisha anatoa pumzi ndefu, taratibu, macho kafumba. Dakika tano, karudi kazini.

Sasa hesabuni amepata nini. Ameondoka kwenye zogo. Amepata kivuli. Amepata mtu wa kumwambia lililomkuta. Ametoa pumzi ndefu mara kadhaa. Yote manne yanatuliza moyo kweli, na hata moja halihitaji tumbaku. Unapomwambia kijana huyu “acha sigara”, yeye anasikia “acha kivuli, acha mwenzako, acha zile dakika tano ambazo hakuna mtu anayekufokea”. Lazima agome. Hata mimi ningegoma.

Basi dakika tano zibaki. Ukuta ubaki, mwenzako abaki, pumzi ibaki. Kinachobadilika ni kilichoko mkononi: kikombe cha kahawa ya muuza birika, au kijiti cha mswaki, hiki hiki chetu cha mti, kinachoupa mkono na mdomo shughuli. Wapo watakaocheka. Lakini mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, walichapisha namna ya kuwasaidia watu wanaotafuna kucha na wenye mishtuko ya mwili isiyozuilika, na msingi wake ulikuwa huo: wakati ule ule hamu inapokuja, upe mkono kazi nyingine isiyopatana na ile ya zamani. Mkono uliofumba ngumi hauwezi kupelekwa mdomoni kutafunwa kucha.

Na pumzi, tuijaribu hapa hapa. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba. Mama wa kanga nyekundu, wewe pia. Vuta kwa pua polepole, sasa toa kwa mdomo kama unapuliza chai, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Tena. Mara nyingine. Wenye mkono mwepesi mtasikia mapigo yanapungua mbio wakati wa kutoa. Hiyo siyo imani wala uganga. Moyo wenye afya huenda haraka kidogo mtu akivuta hewa na hupunguza mwendo akiitoa, na ndiyo maana kutoa pumzi ndefu kunaushusha. Mvutaji amekuwa akifanya zoezi hili siku zote, sema analipia moshi.

Vinywaji vya kuongeza nguvu, hivyo mnavyoviita enaji, nitavipita haraka. Kafeini huchukua saa kama tano nusu yake kuondoka. Kopo la saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku nusu yake bado ipo macho pamoja nawe. Unakosa usingizi, kesho unachoka, unanunua mawili. Na anayechanganya enaji na konyagi ajue kwamba ulevi haupungui. Anachopoteza ni ile dalili ya kumwambia amelewa, na kisha anapanda pikipiki.

Mirungi ndiyo kabisa, sitaitafutia hata kivuli. Kisheria ni dawa ya kulevya, na mama hawezi kuja kukutoa mahabusu kwa kusema mwanangu alikuwa na msongo.

Pombe ya usiku inastahili maneno zaidi, kwa sababu kazi yake ni ya heshima: inalaza. Hapo haidanganyi, unapata usingizi upesi. Inachokificha ni nusu ya pili ya usiku. Pombe ikishayeyuka mwilini, usingizi unakatika-katika. Saa tisa usiku uko macho, koo limekauka, moyo unadunda, na deni la mtu limekaa pembeni mwa kitanda linakusubiri. Asubuhi unaamka mchovu kuliko ulivyolala.

Kwa hao nina dawa ya daftari. Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Baylor cha Marekani kilichapisha utafiti wa vijana 57 waliolazwa kwenye maabara ya usingizi. Kabla ya taa kuzimwa waliandika kwa dakika tano. Kundi moja liliandika mambo yanayowasubiri siku zijazo, jingine liliandika yale ambayo tayari wameyamaliza. Walioandika yanayowasubiri walilala karibu dakika tisa mapema zaidi, na aliyeyaandika kwa kina alilala upesi kuliko aliyegusia juu juu. Ungedhani ni kinyume. Lakini deni lililoandikwa, na pembeni yake “Jumanne nitamwona nimwombe wiki moja”, haling'ang'anii kichwa kama deni linalozunguka bila mahali pa kutua. Daftari la shule na kalamu. Ukiona aibu watoto wasije wakalisoma, andika kwa namna unayoielewa mwenyewe.

Sasa kubeti. Naona wengine wameinama kusoma simu, nafikiri mkeka unaendelea.

Kubeti kunafanya kazi gani? Wengi watasema ni tamaa. Mimi nimekaa na vijana hawa, nasema sivyo. Chukua dereva mwenye chombo cha mkataba. Saa kumi na moja jioni anahesabu alichonacho na hesabu ya tajiri, yaani fedha ya kumpelekea mwenye chombo kila siku, haijatimia. Kesho pia haitatimia, kwa sababu anadaiwa ya jana. Hana mtu wa kumwendea. Pale ndipo anaweka buku kwenye mkeka wa mechi kumi na mbili, na kuanzia dakika ile mpaka filimbi ya mwisho ana kitu ambacho hakuwa nacho: matumaini. Shilingi elfu moja kwa saa tatu za matumaini, mbona ni bei rahisi! Ndiyo sababu nasema kumtukana haisaidii.

Lakini mtazame huyo kibarua usoni. Tuseme kila mechi una nafasi nusu kwa nusu ya kupatia. Mechi kumi na mbili zote zikubali ni nafasi moja katika 4,096. Mkeka ukichanika dakika ya 89 kwa goli moja, unasema “nilikaribia”, na hilo “nilikaribia” ndilo linalokurudisha kesho. Na hesabu ya tajiri sasa imepungua buku.

Hapa sitawaambia mvute pumzi. Mtu anayemfundisha mwenzake kupumua huku tajiri anamngoja mlangoni anastahili kuchekwa. Kazi ya matumaini inatakiwa ipewe kitu chenye matumaini ndani yake. Wapo madereva waliokaa na matajiri wao wakabadili hesabu ya siku kuwa ya wiki, ili siku ya mvua ibebwe na siku ya jua. Si kila tajiri atakubali. Ila mmoja mmoja mnakataliwa kirahisi; kijiwe kizima mkienda na mwenyekiti wenu, mazungumzo yanakuwa mengine. Na lile buku la jioni liingie kwenye mchezo wa kijiwe, ule wa kuchangishana na kupokea kwa zamu, kijumbe awe mtu ambaye hata mama yako anamwamini. Utangojea zamu yako kama ulivyongojea filimbi, na zamu hii ina tarehe.

Mama zangu mnatikisa vichwa kana kwamba haya ni ya vijana. Haya, zamu yenu.

Kuna mama amerudi sokoni jua linazama. Samaki hawakuisha, barafu imeyeyuka, kesho afisa mikopo anakuja kwa marejesho ya kausha damu. Anaingia ndani, mtoto kamwaga maji. Maji tu. Kipigo kinachofuata si cha maji. Akimaliza anahisi mwili umelegea kidogo, na ule ulegevu ndiyo ujira wa tabia hii. Kisha anakaa mlangoni analia, na yeye na mtoto hakuna anayemwelewa mwenzake.

Mwili ulikuwa umejaa adrenalini tangu asubuhi, umejiandaa kupigana au kukimbia, na siku nzima umekaa nao kwenye kigoda ukitabasamu kwa wateja. Unatafuta pa kutokea. Upe pa kutokea kabla ya mlango wa nyumba. Teremka kwenye daladala kituo kimoja kabla, tembea kwa haraka mpaka nyumbani. Dakika kumi za mwendo zinakupa nafasi kabla ya kukutana na watoto, na kwa mvutaji mwendo wa haraka unapunguza hata hamu ya sigara. Ukifika, usianze na jiko wala watoto, anza na maji usoni na mikononi. Waislamu mnayajua mafundisho ya Mtume kuhusu hasira: aliyesimama akae, na udhu uchukuliwe. Wakristo nanyi maji mnayo. Watoto wazoezwe kwamba mama akiingia, mpaka anawe, hakuna mashtaka.

Wengine kazi ile ile mmeipa madira ya mkopo, au chipsi mayai na soda mbili, au simu mpaka bando linakata saa saba usiku. Siwataji kwa majina. Ulizeni swali lile lile. Kama madira yanakufanya ujione mtu baada ya wiki ya kudharauliwa, basi unachokitafuta ni heshima. Ifuate kwa wenzako wanaokuheshimu, na dira moja la Idi linatosha.

Kitu kimoja kimekuwa kinajirudia katika yote haya, sijui kama mmekigundua. Mvutaji alikuwa anapata mwenzake wa kumuuliza “kakukimbia?”. Mnywaji anakunywa na watu. Mwenye mkeka ana kundi lake la simu. Tabia nyingi mbaya zinakuja na watu ndani yake, ndiyo maana anayeacha peke yake chumbani hafiki mbali.

Zimbabwe walilifanyia kazi jambo hili. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda, mmoja wa mabingwa wachache sana wa magonjwa ya akili nchini humo, alianza na bibi za mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha wakae kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kuwasikiliza watu wenye mawazo. Bibi haanzi na mawaidha. Anamwacha mtu ataje matatizo yake yote, kisha wanachagua moja tu, wanalipangia hatua ndogo, na wiki ijayo anarudi kueleza ilivyokwenda. Matokeo ya utafiti wa watu 573 yalichapishwa mwaka 2016: waliokaa na wale bibi, baada ya miezi sita walikuwa na dalili chache za sonona, kwa tofauti kubwa, kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Sisi watu wa pwani tuna mabaraza kila nyumba, na kahawa inapita bila kuitwa. Tunachokikosa ni kusikiliza. Barazani kwetu mtu akisema amezidiwa, wa kwanza anamwambia mwanaume hajilizi, wa pili anamwambia ni kijicho cha jirani, wa tatu anaanza ya kwake. Jaribuni kumwacha mtu amalize. Halafu mwulizeni: katika hayo, tuanze na lipi?

Mkishajua kazi na mmempata kibarua mpya, mpangieni saa na mahali. Profesa Peter Gollwitzer, aliyetafiti jambo hili miaka mingi, alionyesha kwamba “nitajitahidi kupunguza” huishia njiani, bali mpango wenye “ikiwa hivi, nitafanya hivi” hutekelezwa zaidi. Kwa hiyo usiniambie utapunguza kubeti. Niambie, “Nikimaliza kuhesabu fedha saa kumi na moja na hesabu haijatimia, nampigia tajiri kabla sijafungua kitu kingine kwenye simu.” Sentensi moja, iseme kwa sauti mbele ya mwenzako.

Na mpe muda. Chuo Kikuu cha London, kile cha UCL, kiliwafuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tabia ijiendeshe yenyewe, lakini kuna mtu ilimchukua 18 na mwingine ilikadiriwa 254. Tena waligundua kuwa kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hili la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu najua mnavyofanya: mtu kakaa wiki mbili, kateleza Jumamosi moja, basi Jumapili anasema nimeshaharibu na anaimaliza pakiti nzima. Jumamosi ilikuwa sigara moja. Jumapili ndiyo iliyokuwa uamuzi.

Kabla sijawapa nafasi ya kuuliza, wapo ambao maneno haya hayawatoshi, na nawaomba mnisikilize vizuri. Anayekunywa kila siku, akiamka mikono inatetemeka mpaka apate ya kwanza, asiache ghafla peke yake nyumbani. Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hilo. Aende kituo cha afya au hospitali ya Bombo aachishwe akiwa mikononi mwa watu wanaojua. Vilevile aliyemeza vidonge vya usingizi kwa miezi: vinapunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Aliyeingia kwenye unga, yaani heroini, dawa ya kumsaidia kuacha, methadoni, ipo. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, na hapa Tanga kliniki ipo Bombo. Nikisema hivi kuna mtu anamtazama jirani yake, msimtazame, mpelekeni. Na mtu akitamka kwamba bora afe, msimwambie ana mambo ya kitoto. Mkae naye, asiachwe peke yake, na aliye na pikipiki amfikishe hospitali saa ile ile, nauli tutajua baadaye.

Nimeambiwa nusu saa ya maswali. Tuanze na akina mama, kwa kuwa wengine mna samaki juani. Vijana mtasubiri, na mnaotaka kutoka nje kwa zile dakika tano, tokeni, ila Mwenyekiti kaniahidi muuza kahawa yuko pale ukutani.